Bwana Riski na Fuso ya Mwisho

Mwaka 1999, wakati watu wenye akili zao timamu walikuwa wakiulizana njia ipi bado inapitika kutoka Bujumbura, Népomuscène aliuliza fomu ya kujiunga na shahada ya uzamili. Haukuwa uzamili wa sheria, ambao ungempatia ofisi, wala wa uchumi, ambao ungempatia tai. Ulikuwa uzamili wa Hatari na Usalama. Katika Bujumbura ile. Nilipoambiwa nilicheka hadi uzi ukanikatikia kwenye cherehani.

Mimi ni Mwanasiti, mzaliwa wa Buyenzi, na wakati huo nilikuwa nimetimiza miaka kumi na minne nikishona vitambaa vya magodoro katika kiwanda kimoja cha Zone Industrielle, upande wa kuelekea bandarini. Népomuscène alikuwa mtunza stoo wetu. Mtu mrefu, mwembamba, mkaazi wa Cibitoke, kanisani kila Jumapili, kalamu tatu mfukoni na zote zinaandika. Ndiye aliyeshika daftari la mahudhurio. Kila asubuhi alisimama mlangoni akatuhesabu mmoja mmoja, sitini na watatu pamoja na yeye mwenyewe. Mimi sipendi mtu anayenihesabu, na huyu nilikuwa na sababu ya ziada ya kutompenda. Nitaisema mapema, msije mkadhani nina roho mbaya bila mpango.

Mwezi wa tano mwaka 1998 chumba cha kukatia sponji kilishika moto. Pipa la gundi lilipasuka kwa kishindo, na mume wangu Radjabu, aliyekuwa akikata sponji nyuma ya marundo, alifanya kile ambacho kila mtu wa mji huu angefanya. Alilala kifudifudi, mikono kichwani, akingoja risasi ziishe. Hakukuwa na risasi. Kulikuwa na moshi wa sponji, moshi mweusi, mzito, unaoingia kifuani bila kubisha hodi. Nje uwanjani Népomuscène alifungua daftari lake, akatazama huku na huku, akaona watu wengi, akamwambia patroni, mwenye kiwanda, kwamba wote wametoka. Radjabu alitolewa na askari wa doria baadaye sana, mmoja wao alipojikwaa juu yake.

Yu hai, alhamdulillahi. Lakini sauti yake ilibaki mle ndani. Mume wangu, aliyekuwa akiadhini msikitini kwetu mpaka watu wa mtaa wa pili wanatupa mashuka, tangu siku ile anaongea kama mtu anayepuliza chai. Patroni, kwa huruma zake nyingi, alimpa kazi ya uzamu getini. Alisema ni kazi isiyohitaji nguvu. Ndivyo kiwanda chetu kilivyopata mlinzi asiyeweza kupiga kelele.

Népomuscène alikuja nyumbani na sukari na mchele, akakaa pembeni kabisa ya mkeka, akainamisha kichwa. Sikumkaribisha chai.

"Mama Soumaya," alisema, "mi nilihesabu mubaya."

"Ni kweli," nilimjibu. "Ulihesabu mubaya."

Mazungumzo yakaishia hapo. Mwaka mmoja baadaye akajiandikisha kusomea hatari, na mimi nikaona ni sawasawa na mtu aliyekuunguzia nyumba kuja kukuonyesha cheti cha upishi.

Chuo chenyewe kilikuwa nyumba ya kupanga kule Mutanga Sud, yenye maua ukutani na sebule iliyogeuzwa darasa. Mkuu wa masomo alikuwa Docteur Adolphe, mtu wa suti ya kahawia na sauti ya taratibu. Mwalimu mkubwa alikuwa profesa wa Ulaya, bingwa wa mambo ya hatari kwa miaka thelathini, na mpango ulikuwa aje afundishe yeye mwenyewe. Profesa alichukua karatasi, akapiga hesabu kwa ile mbinu yake aliyoibuni, akagundua kwamba kuja Bujumbura ni hatari. Akatuma kanda za video. Hapo nilikubali kwamba yule mtu kweli amesoma.

Kila Jumamosi asubuhi wanafunzi kumi na mmoja walikaa mbele ya televisheni wakimsikiliza profesa. Umeme ulipokatika walingoja. Uliporudi, wakati mwingine mkanda ulikuwa umekwama, naye profesa amesimama mdomo wazi, mkono hewani, akikaribia kuwaambia jambo la muhimu kuhusu usalama. Népomuscène alituletea habari hizo saa ya chai, kwa uso mkavu kabisa, maana yeye hakuona cha kuchekesha.

Alitufundisha na kanuni. Hatari, alisema, ni uwezekano wa jambo kutokea, mara uzito wa madhara yake. Vyote vinapewa alama kutoka moja hadi tano. Ukizidisha, unajua la kufanya.

"Na kama yote ni tano?" aliuliza Léoncie, kiongozi wa sisi washonaji, mama wa watoto sita.

"Basi ni ishirini na tano."

"Na ishirini na tano inasema nini?"

Népomuscène alitazama daftari lake. "Inasema simamisha kazi, ondosha batu."

"Kwenda wapi?"

Hilo halikuwamo kwenye kanda. Tangu siku hiyo tukamwita Bwana Riski.

Zoezi la kwanza lilikuwa kuorodhesha hatari tano za nyumbani kwako. Profesa alitoa mifano yake: ngazi zenye utelezi, zulia lililokunjamana, kikombe cha kahawa karibu na kompyuta. Népomuscène, mkweli kama kawaida yake, aliandika ya Cibitoke. Grenedi katika baa ya jirani. Kizuizi cha barabarani ambapo anayekuuliza jina hajui kusoma kitambulisho. Risasi zinazopotea njia zikaingia kwa paa. Alizidisha vizuri, akachora na jedwali. Karatasi ilirudi kwa faksi na maneno pembeni: chagua matukio ya kawaida, usitie chumvi. Akaandika upya, akaweka ngazi zenye utelezi. Nyumba yake haina ngazi. Alipata kumi na sita juu ya ishirini.

Hata usafiri aliupigia hesabu. Sisi wengine kila jioni tulirudishwa na Fuso, lori la kiwanda, ambalo liliondoka saa kumi na nusu ili watu wafike kwao kabla ya kuvrefe, ile amri ya kutotoka nje. Yeye alikuwa na baiskeli. Alituonyesha kwa namba kwamba baiskeli ni mbili mara tatu, yaani sita, na Fuso ni tatu mara tano, yaani kumi na tano. Tukamwambia hongera, tukapanda Fuso letu.

Mwaka wa pili ukafika wa kuandika tasnifu. Kichwa chake kilikuwa kirefu, lakini maana yake ilikuwa hii: moto ukiwaka kiwandani kwetu, watu wote watoke ndani ya dakika tatu. Wote. Profesa alitaka mazoezi yapimwe kwa saa, na bila mazoezi yaliyofanikiwa hakuna shahada. Hilo ndilo walilojua chuoni. Sisi wa kiwandani tulijua lingine, kwa sababu tulimwona jinsi alivyopita kila asubuhi mbele ya Radjabu getini. Alimsalimu akitazama viatu. Mtu yule hakuwa anatafuta karatasi ya kutundika ukutani. Alikuwa anatafuta kuhesabu tena, safari hii sawasawa.

Shirika moja lilitoa king'ora. Patroni ilibidi aombe ruhusa kwa wakubwa wa zone, maana watu sitini na watatu kusimama pamoja uwanjani ni mkutano, na mkutano lazima uwe na ajenda. Ruhusa ilirudi na muhuri. Ajenda: kutoka nje.

Siku ya zoezi, saa nne asubuhi, Bwana Riski alisimama uwanjani na saa mkononi, akaashiria, king'ora kikalia. Ndani ya sekunde nne wafanyakazi wote walikuwa sakafuni. Nimeambiwa Ulaya hakuna kiwanda kilichowahi kufikia kasi hiyo. Chini ya meza, nyuma ya magodoro, kati ya mashine, kila mtu kifudifudi, mikono kichwani, kimya. Mimi mwenyewe nilikuwa na shavu juu ya saruji na sindano bado katikati ya vidole. Akangoja dakika tatu. Akangoja kumi. Mwisho akaingia.

"Simameni, mama zangu. Ni eksersisi."

"Simama weye," Léoncie alimjibu kutoka chini ya meza. "Mi niko na batoto."

Mara ya pili alibandika tangazo wiki nzima, kwa Kirundi, Kifaransa na Kiswahili: king'ora kikilia, tembea utoke. Tulilisoma, tukalielewa, tukalitaja hata nyumbani. Kikalia, tukalala. Mwili hausomi matangazo. Mara ya tatu alitumia filimbi. Filimbi ni ya askari, kwa hiyo safari hii tulilala na wengine wakaanza kutoa vitambulisho mfukoni. Faksi kutoka Ulaya ilisema: wafanyakazi wako wana tabia isiyo ya kawaida, ongeza mafunzo.

Alizidi kukonda. Siku moja alikuja akasimama karibu na cherehani yangu, akigeuza kalamu.

"Mama Soumaya, juu ya nini batu banalalaka?"

Hasira niliyokuwa nimeikunja kwa miaka miwili ilikunjuka pale pale. Nilisimamisha mashine. "Uko unauliza mi? Enda uulize Radjabu kwa nini alilala."

Nilidhani ataondoka na aibu yake, nami nirudi kwenye mshono wangu nikiwa nimeridhika. Akaenda kweli. Kupitia dirishani nilimwona akichuchumaa getini, sikio lake karibu na mdomo wa mume wangu, akiandika. Walikaa hivyo mpaka chai ikaisha. Katika miaka miwili hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza Radjabu ilikuwaje, hata mimi. Mimi nilikuwa nimejishughulisha kumchukia Népomuscène.

Jioni Radjabu alinisimulia alichomwambia. Kwamba alipolala mle ndani hakufikiria moto hata kidogo. Alifikiria saa. "Niliogopa Fuso itaniacha," alininong'onea. "Nilisema, bakimaliza kupiga, ntakimbia niipate." Nilitoka uani nikajifanya ninaanua nguo, na nguo zilikuwa zimeshaanuliwa.

Hapo lazima mwelewe Fuso lile lilikuwa nini. Halikumngoja mtu. Ukiachwa, unatembea kwa miguu ukipita vizuizi, na kwenye vizuizi jina lako na pua yako vinajadiliwa na watu usiowajua. Na halikuondoka saa kumi na nusu siku zote. Siku mji ukichafuka, dereva alinusa mambo akaondoka saa sita, saa nne, hata saa tatu. Kwa hiyo mtu akiita kwamba Fuso ya mwisho inaondoka, saa yoyote ile, wanawake waliacha sindano kwenye kitambaa na wanaume waliacha kisu kwenye sponji. Hakuna aliyeuliza swali. Risasi zinakulaza, lakini kuvrefe inakusimamisha. Mambo hayo mawili tulifundishwa na vita, bila kanda za video.

Kesho yake Bwana Riski alinijia tena. Alitaka mtu wa kuita, na alitaka sauti inayojulikana na kiwanda kizima. Mimi najulikana. Nilimwambia apana. Kisha nikamkumbuka Radjabu akiwaza Fuso ndani ya moshi, nikajibu ndiyo, ila kwa sura mbaya, asije akadhani tumepatana.

Alhamisi, saa tano kasorobo, nilisimama katikati ya cherehani nikaita, "Fuso ya mwisho." Mara moja tu. Dakika moja na sekunde arobaini na nane baadaye watu wote walikuwa uwanjani, wengine na kiatu kimoja, wakitafuta gari. Bwana Riski alikuwa pale pale na saa yake, machozi yanamlengalenga. Halafu wakagundua kwamba hakuna Fuso. Sponji zilirushwa. Léoncie alivua ndala akaanza kumfuata, na bingwa wa usalama akakimbilia kibandani kwa Radjabu, ambaye kwa mara ya kwanza tangu moto alicheka, kicheko cha pumzi tupu.

Tuliafikiana kabla ya kurudi kazini. Léoncie ndiye aliyetamka. "Bakiita tena, ikuwe ya kweli. Ukitudanganya ya pili, hatutatoka, tutakufa juu yako." Népomuscène aliandika maneno hayo kama yalivyo, yakawa sehemu ya sura ya nne ya tasnifu. Akaweka pia kwamba king'ora kibaki, kwa kuwa kitabu kinakitaka, na kwamba daftari la mahudhurio likae getini kwa Radjabu, siyo stoo. Profesa alijibu kwamba kuwapa wafanyakazi habari isiyo ya kweli ni kinyume cha maadili ya taaluma, na zaidi ya hayo mwandishi hakutaja kitabu chochote alikotoa mbinu hiyo.

Moto wa pili ulikuja Novemba mwaka 2000, siku ya Jumanne, mara tu baada ya chai. Ulianzia stoo, kwenye nyaya. Népomuscène alikuwa humo. Alifanya kama kitabu kinavyosema, akabonyeza king'ora, na sisi tukafanya kama tulivyozoea. Nilikuwa sakafuni tena, shavu pale pale penye saruji. Nikaona moshi ukipita chini ya mlango wa stoo, mweusi, bila haraka. Nikasikia pipa likipasuka. Nikasema moyoni, Mwanasiti, umelala kama alivyolala yeye. Niliogopa sana. Nilianza kuita nikiwa bado chini, kisha nikasimama nikaita kwa sauti yote niliyopewa na Mungu: "Fuso ya mwisho. Fuso ya mwisho inaondoka."

Walitoka. Walitoka wakinitukana, wakidhani ni zoezi, mpaka walipofika uwanjani wakageuka wakaona paa linawaka. Radjabu alikuwa na daftari. Alipitisha kidole jina kwa jina, akitutazama nyuso, polepole mno nilidhani nitampokonya. Alipomaliza akaanza tena mwanzo. Kisha akaninong'onea, "Mutu moja iko ndani."

Nilitazama watu. Léoncie yupo, wakataji wapo, dereva yupo. Halafu nikaona baiskeli imeegemezwa ukutani, na mnyororo wake umefungwa vizuri. Nikaelewa kila kitu kwa mara moja. Pipa lilipopasuka Bwana Riski alilala kama mtu mwingine yeyote wa Cibitoke. Sauti yangu aliisikia, hakuna asiyeisikia. Lakini ilikuwa inaita watu wa Fuso, na yeye hakuwa mtu wa Fuso. Yeye alikuwa sita, sisi kumi na tano.

Radjabu alilowesha kofia yake bombani, akaifunga puani, akaingia akitambaa. Nilimwita arudi. Nilimwita kwa majina yote, hata lile la ndani tusilolitumia mbele ya watu. Mapafu yake yalikuwa yameshakula moshi mara moja na hayakuwa na nafasi ya mara ya pili. Sijui ni muda gani, maana mwenye saa ndiye alikuwa ndani. Alirudi kinyumenyume, akivuta mguu, na nyuma ya mguu ukafuata mtu mrefu asiyeisha, na kalamu tatu bado mfukoni.

Népomuscène alipona. Sauti yake haikupona. Kwa hiyo sasa walikuwa wawili wa kupuliza chai, na nyumbani kwangu Jumapili baada ya ibada yake walikaa mkekani wakinong'onezana saa nzima, na mimi naleta vikombe. Nilikuwa nimeanza kumkaribisha chai.

Machi 2001 ilifika siku ya kutetea tasnifu. Mtu asiye na sauti alitakiwa azungumze dakika arobaini. Docteur Adolphe alipendekeza tarehe isogezwe mpaka mwanafunzi apone, na daktari alikuwa ameshasema hatapona. Nikamwambia Népo nitakwenda naye. Nilikuwa nimejifunza kusikia minong'ono kwa miaka karibu mitatu, bila cheti. Nilivaa kitenge changu cha sikukuu, tukaenda Mutanga Sud, mimi darasa la sita la shule ya msingi, nikakae mbele ya jopo la uzamili.

Mezani walikuwa watatu, Docteur Adolphe katikati, na mbele yao simu yenye spika. Ndani ya spika alikuwa profesa. Mambo yakaenda hivi: Népo ananong'ona, mimi nasema kwa sauti, Docteur Adolphe anaweka kwa Kifaransa, na Ulaya inasema haikusikia vizuri. Tulifika sura ya nne tukiwa tumelowa jasho wote. Hapo profesa akauliza swali lake, na Docteur Adolphe akatutafsiria akiwa ameshusha macho. Katika tukio la Novemba, watu sitini na wawili walitoka kwa ishara ile na mmoja hakutoka. Mwandishi aeleze mmoja huyo ni nani, na kwa nini ishara haikumfikia.

Népo alirudisha kalamu mfukoni. Kisha akanisogelea.

"Baambie ni mi," alinong'ona. "Baambie mi sipandaka Fuso, niko na velo. Nilihesabu batu bote. Mi mwenyewe sikujihesabu." Akainamisha kichwa. "Baambie nilihesabu mubaya tena."

Nilisimama nikasema. Sauti yangu, ambayo haijawahi kuniangusha kiwandani, sokoni wala kwenye ugomvi, ilikwama kwenye neno la mwisho.

Na kabla Docteur Adolphe hajatafsiri, kitu kizito kililipuka upande wa vilima, karibu, kisha kingine, kisha risasi. Madirisha yalilia. Jopo zima la Hatari na Usalama lilikuwa chini ndani ya sekunde nne, suti ya kahawia na yote, nami nilikuwa nao. Kutoka sakafuni nikatafuta miguu ya Népo, nikaiona bado imesimama. Alikuwa karibu na dirisha, ametanua mikono, anatuonyesha mlango. Midomo yake ilikuwa inasema tokeni, tokeni nje. Hakuna aliyemsikia isipokuwa mimi, na nje ndiko risasi zilikokuwa. Tangu siku ile ya stoo mwili wake ulikuwa umefuta somo la zamani na kuandika jipya juu yake, na sasa haukujua tena kishindo kipi ni cha nini.

Nilitambaa nikamshika mguu, nikamvuta kwa nguvu. Akaniangukia mzima mzima, mifupa na kalamu zake. Nikamwekea mkono kichwani, nikambana sakafuni. Nilikuwa ninalia na sikujali nani ananiona.

"Lala, ndugu yangu," nilimwambia sikioni. "Hii ni ya kulala. Ntakuambia ile ya kutoka."

Tulilala hivyo. Docteur Adolphe, shavu juu ya sakafu, miwani imemkalia upande, alikuwa akimtazama Népo kutoka ng'ambo ya miguu ya meza. Akatazama wenzake wawili, nao wakaitikia kwa vichwa palepale chini. "Jopo limeona jibu," alisema kwa ile sauti yake ya taratibu. "Amepita."

Juu ya meza simu ilikuwa bado wazi. Profesa aliita alo, alo, akauliza kumetokea nini, kisha akaomba, kama haitakuwa taabu, mwanafunzi arudie jibu lake, maana yeye hakusikia kitu. Hakuna aliyeinuka kumjibu.